Dirisha Ulilotoboa Jikoni kwa Maman

Mpendwa Maman Sifa,

Juzi Maman alipanda kilima kutoka bombani na kidumu chake kidogo cha maji. Alisimama mara mbili tu, na ile ya pili ilikuwa ya kusalimia watu. Alipofika nyumbani nikamwuliza kama kifua hakimbani. Akaweka kidumu chini, akashika kiuno, akaniambia, "Acha kuniuliza mimi. Andikia Maman Sifa, umuambie." Basi nimekaa, nakuandikia.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho kilichotuunganisha. Unakumbuka tulivyohamia hapa kisiwani Nkombo kutoka Bukavu baada ya Papa kufariki, Maman, mimi na kaka yangu Janvier? Watu walitupokea vizuri, lakini wakianza kuzungumza haraka lugha ya kisiwa, sisi tulibaki kutabasamu tu. Wewe uliyekuja kuolewa hapa ukitokea Idjwi ulijua ugeni ni kitu gani. Ulifika na mkungu wa ndizi kichwani, ukautua mlangoni, ukasema, "Mimi pia nilikuja huku sijue muntu. Mutazoea." Tangu siku hiyo ua wako na wetu zilitenganishwa na mstari wa migomba tu, na sisi wenyewe tulikata migomba miwili ili njia iwe fupi.

Barua hii si ya siri. Nitawapa wengine waisome, kwa sababu nilichokutendea sikukitenda kwa siri.

Unajua jinsi Maman alivyotulisha. Alikaanga sambaza, vile visamaki vya ziwani, akapika maharage ya kuwauzia wavuvi wakirudi asubuhi, na wakishakula wao, akaanza maharage ya wapita njia. Jiko letu lilikuwa kibanda cha udongo kisicho na dirisha, mlango wake mmoja, mdogo, wa kuinamia. Kuni zilikuwa mikaratusi mibichi, maana mikavu iliisha mapema. Moto haukuzimika. Mimi nilikuwa nikiingia mara moja kuchukua sahani natoka machozi yakinitiririka. Maman alikaa mle ndani kutwa. Kuta zilikuwa nyeusi, zikang'aa kama zimepakwa mafuta. Hatukuona ubaya wowote. Jiko la kila mtu lilikuwa hivyo, na mwanamke ambaye jiko lake halitoi moshi alionekana hana cha kupika.

Kikohozi kilianza kuwa cha asubuhi. Kikawa cha asubuhi na jioni. Kisha Maman akaanza kupumzika katikati ya njia ya bombani, halafu akaacha kwenda kabisa, nikawa naenda mimi. Wewe ndiwe uliyesema kwanza, "Apelekwe hospitali apimwe." Maman alikataa. Alisema ni uzee, ingawa hakuwa mzee.

Sasa nafika pale ninapoona haya.

Siku ile ulimletea uji wa mtama kwenye kikombe chako cha bluu. Aliunywa wote, akakusifu. Kabla jua halijazama pumzi ikamkatika. Akawa anavuta hewa kwa mabega, midomo imebadilika rangi. Ilimwachia baadaye, akalala, lakini mimi nilikuwa nimeshaogopa. Kesho yake bombani wanawake waliniuliza Maman ana nini. Nikawajibu, "Amekunywa uji wa Maman Sifa."

Sikusema neno sumu. Sikuhitaji kulisema. Unajua jinsi jambo hilo linavyokwenda kwetu: ukiliacha bombani asubuhi, mchana linakutangulia nyumbani. Wiki haikuisha, ukawa mlozi. Ndizi zako zilibaki sokoni. Kwenye msiba wa mzee wa jirani ulipogawa kinywaji, mama mmoja alikurudishia kikombe mbele ya watu wote, akakuambia, "Onja wewe kwanza." Ulionja. Ulionja kila kikombe ulichokigawa siku ile, kimoja baada ya kingine. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani, karibu kabisa, nikaangalia chini.

Nasi tulifanya yale wanayofanya watu wakiogopa sumu. Tulimwita mtaalamu wa dawa za kienyeji, akamnywesha Maman kitu cha kumtapisha. Alitapika siku mbili mpaka akakosa nguvu ya kukaa. Na kikohozi kilibaki palepale.

Asubuhi ya siku ya tatu Maman hakuweza kusema. Tulimbeba kwenye machela mpaka kituo cha afya. Muuguzi alimpa dawa ya kupuliza, akamchoma sindano, akamsikiliza kifua, akasema, "Huyu anahitaji hewa ya mashine. Avuke sasa hivi, nitapiga simu ambulansi iwasubiri ng'ambo." Boti ya wagonjwa ilikuwa imekwenda na mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa. Tukateremka ufukweni kutafuta mtumbwi. Upepo ulikuwa mkali, ziwa limechafuka, wanaume wamesimama wanaangalia mawimbi na kushauriana. Janvier alikuwa analia kama mtoto. Mmoja akasema tungoje litulie.

Ndipo ulipoteremka, kitenge kimefungwa kifuani, miguu ina udongo wa shambani. Sikujua nani alikuambia. Watu walikupisha kama wanavyopisha kitu cha kuunguza. Ukawaambia kwa sauti ambayo sikuwahi kukusikia nayo:

"Huyu eko anakufa, na nyinyi muko munangoja maji ilale? Janvier, shika kasia. Na wewe, na wewe. Kama munaogopa kukaa na mulozi ndani ya mutumbwi, basi mutazame mbele, musinitazame mimi."

Kisha ukaniuliza, "Kitambulisho chake kiko wapi?" Nilikuwa nimekisahau. Bila hicho mutuelle, bima yetu ya afya, haionekani kwenye mashine ya hospitali. Ulinirudisha mbio nyumbani kukileta, ukakifunga kwenye pembe ya kitenge chako, ukaingia mtumbwini kabla yangu.

Maman hakuweza kulala chali, akilala alikosa hewa. Ulikaa nyuma yake, ukamwegemeza kifuani kwako, ukamshika chini ya makwapa ili akae wima, njia nzima. Maji yalitupiga, tulilowa wote. Kila alipovuta hewa ulivuta naye, polepole, ukimwambia sikioni, "Pamoja nami, Maman Janvier. Sasa toa. Sasa vuta." Mimi nilikuwa mbele yenu, natoa maji mtumbwini kwa bakuli, na nilipoinua macho niliona kichwa cha mama yangu kimelala shingoni mwa mtu niliyemwita muuaji wake. Ningependa kusema kwamba pale pale nilikuomba msamaha. Niliendelea kutoa maji.

Kule hospitali ya Gihundwe walimwekea oksijeni. Rangi ya midomo ilipoanza kurudi, dogiteri, kijana mpole mwenye miwani, akaja kutuuliza.

"Anavuta sigara?"

Nilimjibu kwa hasira kidogo. "Maman hajawahi kushika sigara maisha yake yote."

Ukajikohoza. "Sigara hapana, Dogiteri. Lakini moshi anaukula kila siku."

"Moshi gani?"

"Wa jikoni. Anapika toka asubuhi mpaka jioni, na nyumba ya jiko haina dirisha."

Alinigeukia mimi. Nikakubali kwa kichwa. Mbele ya wagonjwa wengine niliona aibu, kana kwamba amegundua tunalala na mbuzi. Aliandika, akampima tena, akarudi na picha ya kifua. Alituambia taratibu, bila kutudharau, kwamba njia za hewa za Maman zimebanwa na kuchoka kwa moshi wa miaka mingi, na juu ya hayo amepata maambukizi. Hapo nikamwuliza swali ambalo kijiji kizima kilikuwa kinataka jibu lake. Nilimwuliza kama inawezekana amelishwa sumu.

"Hapana," akasema. "Huyu mama hakulishwa kitu. Moshi ndio ulimfikisha hapa."

Ulikuwa umesimama karibu nami. Hukunitazama. Ulimwuliza tu, "Na akipona, akirudi mule mule jikoni?"

"Basi atarudi na huku hospitalini. Mapafu yake hayatakuwa mapya. Tunaweza tu kuyasaidia yapumue."

Jioni ile ulirudi kisiwani na wanaume, mimi nikabaki na Maman. Siku ya nne nilivuka kuja kuchukua nguo na chakula. Kutoka njiani nikasikia kelele. Uani kwetu watu wamejaa, na wewe uko katikati, jembe mkononi, vumbi jeusi mpaka kwenye nyusi. Ukuta wa jiko letu ulikuwa na shimo ambalo ndama angepita.

"Mulozi amemaliza muntu, sasa anamaliza nyumba!" mmoja akapiga kelele. Mwingine akanishika mkono. "Umuone! Mwenyewe hayuko, anabomoa!"

Uliniangalia. Ulisema tu, "Sikuweza kungoja ruhusa. Angerudi akakuta moshi uleule."

Wote waligeuka kunitazama. Nilipaswa kuwaambia alichosema dogiteri, na kwamba maneno ya bombani yalikuwa yangu. Nilichoweza ni kuweka chini mfuko wangu, kuchota maji, kukanyaga udongo na kuanza kusawazisha kingo za lile shimo. Ulipiga magoti kando yangu. Tulifanya kazi mpaka watu wakachoka kutuangalia, wakaondoka mmoja mmoja. Siku iliyofuata ulitoboa na ukuta wa pili ili hewa ipite moja kwa moja, na Janvier akaenda mjini Kamembe kwa fundi mmoja Mwislamu anayetengeneza majiko ya bati. Yule mzee alivuka mwenyewe na bomba lake la moshi begani, akalipachika juu ya jiko jipya la udongo tulilokuwa tumelifinyanga. Alikataa kuondoka mpaka tuwashe moto aone moshi unatokea wapi. Ulipotokea juu alisema "Alhamdulillahi," nawe ukamjibu "Amina."

Maman alirudi na pampu yake ya kupuliza. Alisimama jikoni akageuka huku na huku, akasema, "Kumbe tuna ziwa hapa nyuma." Miaka yote alikuwa amepika akiwa ameligeuzia mgongo, na ukuta katikati yao.

Halafu dada yako akaugua kule Idjwi, watoto wake wakakuita, ukaenda kumtunza. Ulimuaga Maman kwa kumkumbatia. Mimi ulinipa mkono. Nilisema "safari njema." Hayo ndiyo niliyoweza, baada ya yote.

Kwa hiyo nisikilize sasa. Asante kwa mkungu wa kwanza. Asante kwa uji, ulikuwa uji mzuri. Asante kwa kifua chako ulichomwegemezea mama yangu, kwa kitambulisho ulichokikumbuka wakati mimi mwanawe nimekisahau, kwa swali ulilomwuliza dogiteri huku jina lako likiwa limechafuka mikononi mwangu. Asante kwa jembe. Nina mama. Kila asubuhi nasikia anavyomkaripia kuku, na sauti haikatiki.

Nisamehe, Maman Sifa. Ni mimi niliyesema.

Nina habari moja zaidi, na ndiyo iliyonipa nguvu ya kukuandikia. Jumamosi iliyopita ilikuwa ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kijiji. Tulikwangua mitaro ya barabara, kisha tukakaa kwa mkutano kama kawaida. Kuna mama mmoja wa upande wa juu, naye anapikia watu, naye amekuwa akikohoa mpaka anakaa chini. Nikasikia nyuma yangu wameanza kunong'ona jina la mkwe wake. Nikasimama.

Niliwaambia, "Mnanijua. Ni mimi niliyewaambia Maman Sifa alimlisha mama yangu. Ilikuwa uongo. Ulikuwa moshi, dogiteri alinieleza, nikanyamaza, mkaendelea kumwita mlozi mpaka akaondoka. Msimfanyie huyu mkwe hivyo. Mpelekeni huyo mama akapimwe, na jiko lake mlitazame."

Yule mama aliyekurudishia kikombe msibani alikuwa amekaa mstari wa mbele, uso ameuficha kwa kitambaa. Mjumbe wa afya akanipa kiti. Nilidhani mkutano utaendelea na mambo mengine. Ndipo mume wa mgonjwa, mwanaume mkubwa mzima, akainuka na jembe lake alilotoka nalo kwenye mtaro, akaniuliza:

"Basi twende utuonyeshe. Tubomoe wapi?"

Msalimie dada yako na watoto wake, Maman anakuombea kila anapoketi mezani. Ziwa likitulia nitavuka mwenyewe, nikuambie haya kwa mdomo wangu.

Ni mimi,
binti wa jirani yako, wa ng'ambo ya migomba