Nilimwambia Unaharibu Kidogo

Ihanda, Jumanne

Kwa nini sikumwambia mama ukweli? Asubuhi alinionyesha karatasi ya Kiingereza aliyopewa na bwana shamba, kuhusu mnyauko, ugonjwa wa migomba unaosambazwa hata na machipukizi. "Wewe mwalimu, hili neno 'destructive' maana yake nini?"

Darasani nalifundisha bila kusita: kitu cha kuangamiza, kisichobakiza. Lakini mgomba ulioanza kunyauka aliupanda marehemu baba. Nikamjibu, "Unaharibu kidogo tu, mama."

Akashusha pumzi, akachukua panga.

Jioni dada kanipigia kutoka Nyakasimbi, furaha tele. Mama amemtumia kwa bodaboda machipukizi ya mgomba wa baba. Kesho alfajiri anayapanda katikati ya shamba lake.

Na mimi nikamjibu nini? Hongera. Nimemwambia hongera.