Apeduno, Mtoto Alipimwa

Mwaka mmoja umetimia, Apeduno, tangu tulipokulaza katika udongo wa Moding. Tunakuandikia tukiwa na habari za nyumbani, maana hukuwahi kuingia mlangoni bila kuuliza, "Haya, nani anaumwa, nani amepona?"

Tunakumbuka chupa yako ya maji uliyoenda nayo hata kanisani, na sweta uliyovaa wakati sisi wengine tunatokwa jasho. Tunakumbuka ulivyosoma huku miguu ikiwa ndani ya beseni la maji ya vuguvugu, maumivu yakikubana mifupani, nawe unafungua ukurasa mwingine.

Ulizaliwa na selimundu. Ulipokuwa mdogo hatukulijua jina la ugonjwa huo. Tulijua tu kwamba unalia. Wazee wakasema umepewa jina lisilo lako, kuna bibi wa zamani amesahauliwa na anadai. Wakachovya kidole katika ajono, pombe yetu ya wimbi, wakakutia mdomoni huku wakiwataja waliotangulia mmoja mmoja. Ulinyonya walipofika kwa Apeduno, nalo likawa jina lako. Ukatulia kwa siku kadhaa, nyumba nzima ikafurahi. Ulipoanza kulia tena, lawama zikamwangukia Mama. Ati ni damu ya kwao.

Ulipoitwa chuo kikuu kusomea biolojia, Malaba yote ilikuwa na maoni. Callistus, jirani yetu anayeuza kuku, alikusimamisha barabarani.

"Kwa hivyo utakuwa daktari?"

"Hapana, boss."

"Nesi?"

"Hapana."

"Sasa unasomea nini?"

"Vitu vyenye uhai."

"Hata kuku?"

"Hata kuku."

"Basi rudi haraka, huyu mwekundu ameacha kutaga."

Ulicheka mpaka ukashikilia ua wa watu. Hukuudhika na swali lile. Baadaye ulipoalikwa kuzungumza na wanafunzi wa sekondari, uliwaeleza wenzako wa darasa walikofika: mmoja anachunguza samaki wa ziwani, mwingine anafuga mbu ili ajue dawa ipi inawaua, mwingine anazalisha mbegu za mtama, wawili ni walimu. "Chagueni swali lenu kwanza," uliwaambia, "kazi itafuata."

Swali lako sote tulilijua. Likizo ya mwaka wa pili uliwaketisha Baba na Mama mezani, ukampa kila mmoja haragwe jeupe na haragwe jekundu. Ukawaambia wafumbe macho, kila mmoja atoe moja. Wakatoa, wakarudisha, wakatoa tena. Mara nyingine mawili meupe, mara nyingine moja moja. Kisha yakatoka mekundu mawili.

"Huyo ndiye mimi," ukasema.

Baba aliligeuza moja kwa kidole. "Na hili ni langu?"

"Ni lako, Baba. Lile ni la Mama. Mmoja wenu peke yake hangeweza kunipa ugonjwa huu. Na hamkujua."

Baba aliliweka haragwe mezani. Halafu akamgeukia Mama, akamwambia mbele yetu, "Dada zangu walikusema miaka yote hiyo, na mimi nikanyamaza. Nisamehe, Mama Ikapel." Mama aliinua leso, akajifuta macho, akasema chai inapoa.

Ulihitimu, ukaongeza shahada ya pili ya jenetiki, ukaajiriwa katika kliniki moja ya Busia kuzishauri familia. Ulikwenda Butula, ulikwenda Marachi, siku nyingine ukirudi unachechemea. Kaka yetu Ikapel alipotaka kumwoa Trizah, uliwapeleka wote wawili wakapimwa. Kila mmoja alikuwa na haragwe lake jekundu. Hukuwakataza kuoana. "Sasa mnajua," uliwaambia. "Mtoto akizaliwa apimwe mapema, kabla ugonjwa haujaanza kubisha hodi. Mkichelewa, homa moja tu inaweza kumchukua."

Hukumwona. Homa ya mapafu ilikuchukua Trizah akiwa mjamzito.

Binti yao alipozaliwa, akalia mchana kutwa. Shangazi Amoit akaja na chungu cha ajono. Akasema hakuna haja ya kliniki, ni wewe unadai jina. Mtoto akiitwa Apeduno atanyamaza, na mambo yaishe hapo. Trizah alikuwa ameshika shali mkononi, tayari kutoka, lakini ni mke mgeni katika boma, hakuthubutu kumpita shangazi mlangoni. Sisi tulikutaka urudi kwa namna yoyote, hata kwa jina. Kwa kweli tuliyumba.

Baba ndiye aliyesimama.

"Dada, jina atapewa. Lakini damu kwanza."

"Ongodia, unawakataa wafu?"

"Siwakatai. Huyu marehemu unayemtaja nilimzaa mimi. Akinikuta nampa mtoto jina na kumnyima kipimo, atanifufukia anipige."

Shangazi alicheka bila kutaka. Akafunika chungu. Kisha, usishangae, akambeba mtoto mwenyewe hadi kliniki.

Majibu yalikuwa yale uliyoyahofia. Mekundu mawili. Trizah alilia, nasi tukalia. Lakini muuguzi alisema tumewahi, na siku hiyohiyo tukaonyeshwa dawa za kumkinga. Jioni yake ajono ikamiminwa, kidole kikachovywa, naye akakubali jina lako kwa pupa.

Sasa anatambaa. Anakunywa dawa kila asubuhi, analala ndani ya neti, na Shangazi Amoit ndiye anayegombeza mtu akisahau tarehe ya kliniki. Siku ngumu zitakuja. Wewe ulitufundisha kutodanganyana. Zitatukuta tumejiandaa.

Mimi Otukei, mdogo wako, ninayeandika kwa niaba ya wote, nimehitimu biolojia mwaka huu. Nimeomba nafasi katika kliniki yako, nikaanze kwa kuwapokea wazazi wanaosubiri majibu. Callistus ameniuliza shahada yangu itanifikisha wapi. Nikamwonyesha mtoto, aliyekuwa anamfukuza jogoo wake kwa magoti.

Tunaokukumbuka ni Baba yako Mzee Ongodia, Mama, kaka yako Ikapel na mkewe Trizah, mimi Otukei, Shangazi Amoit, na Apeduno mdogo, ambaye tutamsimulia habari zako.

Katika nyumba hii utakumbukwa daima.