Mama Amekula

Kaka yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi, na kwamba mgongo umeacha kukusumbua. Sisi huku hatujambo, na safari hii sisemi hivyo kwa adabu tu.

Unajua tulikokuwa tumefika. Tangu tulipogawa vitu vya marehemu baba, mama alikuwa akitema kila kijiko, akiniita mwizi, wala hakuniruhusu kumsogelea kinywa. Sote tukasema Alzeima imemmaliza, nawe ukamtafutia nafasi kwenye kituo cha wazee. Sikukulaumu, nilikuwa hoi.

Juzi nikaona shavu limevimba. Nikampeleka kwa daktari wa meno, mwanamke mmoja asiye na haraka, aliyemwimbia mama mpaka akafungua kinywa mwenyewe. Alipotoa meno ya bandia, fizi zilikuwa vidonda vitupu na usaha. Akayageuza yale meno kwenye mwanga, akaniuliza mgonjwa ameyapata wapi, maana hayakutengenezwa kwa taya lake. Nikayatambua, kaka, kwa lile jino la pembeni lililomeguka siku mzee alipofungua chupa kwa mdomo tukacheka mpaka machozi. Yalikuwa ya baba.

Daktari hakunidanganya. Alisema ugonjwa huo wa kusahau upo na utabaki, ila maumivu na usaha wa kinywani humvuruga zaidi mtu wa namna hii, naye hawezi kusema panapouma. Tukapewa dawa, na amri ya kumsafisha kinywa asubuhi na jioni. Leo mama amemaliza bakuli zima la supu, kisha akalalamika chumvi haitoshi. Nimelia jikoni kwa furaha. Ile nafasi ya kituoni waachie wengine, tafadhali. Mama anabaki na mimi.

Sasa hili sijamwambia mtu. Meno yake mwenyewe niliyakuta ndani ya soksi, chini ya godoro. Nikamuuliza, kwa utani tu, kwa nini avae ya mumewe yanayomuumiza. Akanitazama kama anayemtazama mjinga, akasema taratibu:

“Mlikuwa mnatupa kila kitu chake. Humu kinywani nani angeyatafuta?”

Yale ya baba nimeyaosha, nimeyaweka kwenye glasi kando ya kitanda chake. Ukija, usiyaguse.

Mpe wifi salamu zangu, na watoto uwabusu. Mama anakusalimu pia, kwa jina lako kamili.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba