Mtoto Asiyetumwa

Jumatatu, 2 Juni

Endasak. Baridi na ukungu. Ziara za familia zilizopokea watoto kupitia shirika langu, kama kawaida. Bodaboda imeshindwa na mlima, nimemalizia kwa miguu. Viatu vya ofisini bado navaa. Sijui namringishia nani.

Kwa Mama Safari nimemkuta Paskalina kwenye benchi la nje, mikono mapajani, msafi kama anasubiri kupigwa picha. Ana miaka kumi na minne. Kwao Yaeda Chini hakubaki wa kumlea, akapelekwa kituo cha watoto Dongobesh, na mwezi wa tatu nikamleta hapa kwenye malezi ya kambo. Mama Safari anasema hana shida. Anakula, anashukuru, analala. Nimefurahi.

Jumatano, 4 Juni

Bosi wangu wa zamani kapiga simu kutoka Dar. Kiti changu cha meneja rasilimali watu bado kitupu, ananisubiri mpaka mwisho wa mwezi. Nimecheka kwa adabu nikakata simu. Kusema kweli nimekitamani. Chai inayoletwa mezani, maji ya moto bombani.

Sikuacha kazi ile kwa utakatifu. Nilichoka kufundisha watu namna ya kuwafukuza wenzao kwa upole.

Ijumaa, 6 Juni

Hasira. Shule zimefungwa, na Paskalina anaamka alfajiri kwenda kuchota maji na kupura maharage. Kwa jirani! Kwa Bibi Yustina, mzee anayeishi peke yake ng'ambo ya korongo. Kijiji kizima kinajua isipokuwa mimi.

Kanuni nimeiandika mwenyewe na kila familia imetia saini: mtoto wa malezi ya kambo hafanyishwi kazi mwaka wa kwanza. Nimewaona watoto waliochukuliwa "kulelewa" wakageuzwa watumishi wa bure. Kwangu haitatokea. Nimemgombeza? Hapana, nimemweleza kwa upole, nikamkataza. Kisha nikaenda kumwonya Bibi Yustina. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaendelea kupepeta.

Jumapili, 8 Juni

Mama Safari kanisubiri nje ya kanisa. Anataka kumrudisha Paskalina.

Watu wanamcheka. Mtoto anashiba kwake, jasho anammwagia jirani. "Madamu, mimi nimeshindwa," kasema. "Sahani yake naosha mimi. Nikitaka kumwita anisaidie nakumbuka saini yangu. Sasa huyo ni mtoto wangu au ni wa kwenu?" Halafu akalia. Mwanamke yule! Sikujua kwamba naye hulia.

Afisa ustawi wa jamii anakuja Alhamisi kumchukua. Akirudishwa kituoni imekwisha. Mtoto wa umri huo, tena aliyekwisha kurudishwa, hakuna nyumba itakayomtaka. Najua hivyo na sijui la kufanya. Sijala.

Jumanne, 10 Juni

Leo ndiyo nimemuuliza mwenyewe. Miaka yote ile ya kuwahoji watu, huyu sikuwahi kumuuliza kitu zaidi ya "unaendeleaje".

Tulikaa pembeni ya shamba. Nikamuuliza kwa nini anakwenda kwa jirani. "Bibi Yustina ananituma. Hapa anatumwa Safari, anatumwa Rehema, watoto wa mama mwenyewe. Wakikosea wanagombezwa. Mimi nilivunja chungu cha mama, nikaambiwa pole."

Kwa hiyo alikwenda kutafuta wa kumtuma. Imeniuma sana. Mimi nimekua nikitumwa kutwa nzima, chumvi dukani, moto kwa jirani, na sikuwahi kujiuliza mimi ni wa nani. Yeye anajiuliza tangu mwezi wa tatu, pale kwenye benchi, kwa amri yangu.

Jumatano, 11 Juni

Nimempigia afisa. Nimemwambia kosa ni la kanuni yangu, Mama Safari hana hatia. Amenisema mpaka masikio yakawaka. Mwisho kakubali: shule kwanza, kazi zilezile za watoto wengine wa nyumba ile na si zaidi, naye atakuwa anapita bila taarifa. Lakini kesho anakuja na gari vilevile. Kama Mama Safari bado hataki, anamchukua.

Wafadhili nimewaandikia, hawajajibu. Wanaweza kuniacha. Bosi nimemwambia hapana, haraka haraka kabla sijapata akili.

Jioni nimepanda kwa Mama Safari kumwambia ile kanuni nimeifuta. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakuahidi chochote. Naogopa.

Alhamisi, 12 Juni

Tumefika na afisa saa nne. Uani hakuna mtu. Benchi tupu.

Kisha sauti ya Mama Safari kutoka nyuma ya zizi, kali, ya kusikika mpaka barabarani. "Paskalina! Ndama wamo kwenye mahindi, wewe umesimama unaangalia nini? Macho umeyaacha wapi?"

Ndama wakatoka mbio. Paskalina nyuma yao na fimbo, makapi ya maharage kichwani. Mama Safari akatokea, akatusalimia huku bado anafoka, akamwambia mtoto wataongea jioni. Afisa alinitazama, akarudi kwenye gari kunisubiri.

Paskalina alipita karibu yangu. Shikamoo yake ilitoka kwa shida, mdomo umevutwa mbele, macho chini. Alikuwa amenuna. Miezi yote hii sijawahi kumwona akinuna.