Isale Jangwani

Jumapili, 2 Februari 2025

Nyumba kimya. Ruth angekuwepo nisingeandika, ningemwambia tu. Alikuwa ananisikiliza huku anamenya ndizi, hata kama hajibu. Sasa naongea na daftari la shule aliloacha mjukuu. Darasa la nne nilifika, inatosha. Wenye digrii wangapi wamefika kileleni mara nilizofika mimi?

Leo Elisaria amekuja. Ni kaka yake Ruth, shemeji yangu, mbege tunakunywa pamoja toka ujana. Akasema, shemeji, kata isale, peleka Sanya Juu, mpe mkeo mkononi. Isale halikataliwi. Atarudi.

Nikamwambia, mimi Anaeli nikaombe radhi kwa jani? Nimemuua mtu?

Akamaliza mbege yangu akaenda zake.

Kwani nilisema nini? Krismasi ukoo wote umekuja Old Moshi, mpaka wa Dar, mbuzi wamechinjwa. Nikasimama na kata ya mbege nikasema ukweli. Nyumba hii ni miguu yangu. Shule za watoto ni mgongo wangu. Mama yenu nilimkuta na kanga moja, kazi yake ilikuwa kukaa jikoni kungoja mlima ulete. Watu wakacheka! Hata mchungaji alicheka. Utani.

Yeye hakucheka. Aliosha vyombo vyote. Asubuhi akachukua begi akaenda kwa Magreth, binti yetu, Sanya Juu. Toka siku hiyo simu yangu hapokei.

Ng'ombe wake analia. Nikimkamua ananipiga teke.

Jumanne, 4 Februari

Habari kubwa! Eliudi amekuja. Huyu mimi ndiye niliyemfundisha upagazi mlimani, enzi hizo anabeba trei za mayai na kuzivunja. Leo ni kiongozi wa watalii, ana leseni, ana buti za maana. Amekuja na binti mpiga picha, anaitwa Hilda. Baba yake wa Uru lakini yeye amekulia Dar, Kichagga hajui hata salamu. Anataka kupiga picha za lile jangwa la juu, kati ya vilele vya Mawenzi na Kibo. Na anataka mzee wa zamani ndani ya picha.

"Shikamoo babu. Ila babu, utaweza kweli?"

Marahaba. Nikamwambia pale nilipita na mzigo kichwani baba yako akiwa hajaota meno. Eliudi akacheka. Anajua.

Nitakwenda. Picha itakwenda kwa Magreth, Magreth atamwonyesha mama yake. Aone. Miaka sabini na moja na miguu bado ya chuma! Mwanaume wa namna hii anaachwa?

Alhamisi, 6 Februari. Mandara

Asubuhi kabla ya gari kuja nilikata isale moja pale mpakani mwa kihamba, shamba letu la migomba. Nimelifunga kwenye mkoba ili wapagazi wasichanganye mizigo. Basi. Hakuna kingine.

Eliudi ameliona getini mwa hifadhi. "Mzee, unakwenda kumwomba radhi nani, Mawenzi?"

Wapagazi wakacheka mpaka mmoja akatua mzigo. Nikamwambia tembea wewe, mvunja mayai.

Nimefika kambini wa kwanza. Karibu wa kwanza. Hilda alikuwa mbele kwa sababu alikuwa anawakimbiza mbega na kamera yake.

Ijumaa, 7 Februari. Horombo

Magoti.

Sijamwambia mtu. Ruth angejua. Alikuwa anajua kwa namna ninavyokaa kuvua viatu, sijafungua mdomo, beseni limeshafika. Maji ya moto na chumvi. Ananikanda, ananisema. Kila safari. Hata ile iliyoniletea cheti, kile kilichoko ukutani.

Beseni halimo kwenye cheti.

Baridi. Nalala.

Jumamosi, 8 Februari. Horombo, jioni

Leo jangwani. Nitaandika yote.

Ukishapita Maji ya Mwisho, miti hakuna. Nyasi zinakuwa chache, halafu hakuna kabisa. Udongo kama majivu ya jikoni, na mawe, na upepo. Mawenzi upande huu, Kibo upande ule, katikati wewe na pumzi yako. Watalii wamepanga mawe chini kuandika majina yao. Mimi sijawahi. Nilijua mlima unanijua.

Hilda alipiga mawe, akapiga mawingu, akalala chini kwenye vumbi kama mtoto. Mimi akanisimamisha. Geuka babu. Tazama Kibo, babu. Halafu akasikitika.

"Babu, kila kitu hapa kijivu. Mpaka wewe. Hilo jani ndio rangi peke yake. Lishike basi."

Nikakataa.

"Kwani si jani tu?"

Eliudi akamwambia siyo jani tu, dada. Akamweleza. Ukimkosea mtu unampelekea hilo, na akishapelekewa hawezi kukataa, lazima asamehe. Hata damu imesamehewa kwa hilo.

Hilda akashusha kamera. "Kwa hiyo babu, umelibeba mpaka huku umpe nani?"

Nilitaka kumwambia ni la kutambulisha mkoba. Upepo ulikuwa mkali, macho yakatoa maji. Upepo wa pale unajulikana.

Nikalifungua kwenye mkoba. Nikalishika kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa. Nikasema piga. Piga haraka kabla sijageuza nia.

Alipiga. Hakuniambia babu cheka.

Huku Horombo mtandao upo. Picha imekwenda kwa Magreth. Nimeiona kwanza. Mzee fulani mdogo, mlima mkubwa, jani. Nilifikiri mimi ni mrefu.

Eliudi anasema alama zimekuwa za bluu, maana yake wameiona. Nikauliza, na jibu? Akasema mzee, subiri.

Nasubiri.

Jumapili, 9 Februari. Horombo, asubuhi

Jibu limekuja! Siyo maandishi, sauti. Sauti ya Ruth. Toka Krismasi sijaisikia. Hilda alinipa simu nisikilize peke yangu, lakini nilibonyeza vibaya ikapiga kelele, wapagazi wote wakasikia na uji wao mkononi.

Alisema hivi. Mwambieni Baba Magreth picha nimeiona. Kunidharau alinidharau mbele ya ukoo mzima. Kuniomba, amekwenda kuniomba jangwani, hakuna hata nzi wa kusikia. Isale gani hilo la kwenye simu?

Kuku wanasikika. Halafu akasema, "Amekonda." Ikakatika.

Hakuna aliyecheka. Mpagazi mmoja akaninyanyulia mkoba bila kuombwa, mimi nikamwacha.

Nilikuwa na jibu la ukali. Nilikuwa nalo kabisa. Badala yake nikamwambia Hilda airudie. Akairudia. Nikamwambia tena. Nilikuwa nangoja lile neno la mwisho tu.

Isale limeungua na baridi. Jeusi.

Jumapili, 16 Februari. Sanya Juu

Nimekata isale jingine. Elisaria amenisindikiza. Nimekaa kwenye tofali nje ya kanisa, ibada haijaisha, Ruth na Magreth wako ndani. Sikuingia. Ningeingia ningekaa nyuma, nani angeniona? Baada ya ibada kuna mnada wa sadaka, watu wote wanabaki uwanjani. Ndiyo saa ninayoitaka. Ndiyo saa ninayoiogopa.

Huku Mawenzi haionekani kabisa. Kibo tu, nayo imekaa upande, kama ya watu wengine. Ndiyo anayoamka nayo Ruth kila siku.

Maneno nimeyapanga. Nitasema kwa sauti, nyumba ile ni mgongo wako pia. Elisaria kasema liondoe hilo neno "pia". Tumegombana toka Boma Ng'ombe mpaka hapa. Mimi nilibeba, jamani! Nilibeba! Elisaria akaniuliza, na ulipokuwa huko juu, watoto walikuwa wanakula nini, theluji?

Maziwa ya Ruth. Ndizi zake.

Wametoka. Mnada umeanza, mkungu wa ndizi, mayai, jogoo. Mnadi ameniona na jani langu. "Mzee wangu, na hilo tunalinadi? Nani anaanza?" Uwanja mzima umecheka. Sasa najua kunavyokuwa kucheka huko, ukiwa upande huu.

Magreth ametoka. Ameniona, ameweka mkono mdomoni, amegeuka nyuma yake.

Ruth yuko mlangoni. Kitenge kipya, sikijui. Hashuki ngazi. Elisaria ananiambia acha kuandika wewe mzee, simama. Nimejaribu mara moja, magoti yamekataa. Jogoo peke yake ndiye anaongea. Nasimama sasa. Lile neno "pia" nimeliondoa.

Hatazami jani. Anatazama magoti yangu, kama enzi za beseni.