Memori Niliyoichomoa Ofisini

Mjukuu wangu Mwende,

Huku Machakos tu wazima, na mjomba wako amepona kikohozi. Kabla hujanunua memori mpya ya kompyuta yako kwa sababu mchezo unakwama, nisikilize. Miaka ya tisini, nikiwa karani mpya, kompyuta yangu ya nyumbani ilizimika kila nilipocheza karata. Ijumaa moja nikachomoa memori ya kompyuta ya ofisi bila ruhusa, nikaijaribu kwenye yangu. Ikazimika vilevile.

Jumatatu bosi alinitangulia kufika ofisini. Mashine ililia tu, haikuwaka.

“Nani amefungua hii?”

Niliitoa memori mkobani. “Ni mimi, mzee. Kompyuta yangu ya nyumbani huzimika, nikataka kuijaribu na hii.”

“Hiyo ya nyumbani unaifunika kitambaa kama TV, hata ikiwaka?”

“Ndiyo. Nilikifuma mwenyewe.”

“Basi umeipika. Kitoe, ipate hewa. Na hii irudishe nikiona.”

Niliirudisha, ikawaka. Aliponikabidhi barua za kuchapa, ndipo nikajua bado nina kazi. Jioni nilikitoa kitambaa, na kompyuta haikuzimika tena; nawe angalia kwanza kama yako inapata hewa.

Susu yako