Kioo Juu ya Kitambaa cha Meza

Jumatatu, tarehe 9 Juni

Kwa Shangazi wa ukurasa wa Jumapili,

Shangazi mpendwa, pole na kazi ya kusoma shida za watu. Yangu ni ya meza ya chakula, na ukicheka sitakulaumu, lakini nisaidie, maana mimi na binti yangu sasa tunapishana humu ndani kwa salamu tu.

Mimi ni fundi wa vioo, nakata na kufunga vioo vya madirisha na makabati, na mke wangu alikuwa mshonaji wa sare za shule mpaka alipofariki mwaka jana. Alipenda sana kualika watu. Haikuhitaji sababu, akikutana sokoni na mtu ambaye hawajaonana siku nyingi, jioni utasikia kwamba Jumamosi tuna wageni, na kuanzia hapo nyumba nzima iko kazini. Kitambaa cha meza alikishona mwenyewe, cheupe kama maziwa, chenye pindo la buluu la mabaki ya sare, na sahani zetu hazikuwa za seti moja, kulikuwa na nyeupe na kulikuwa na zile za mstari wa kijani zilizosalia baada ya nyingine kuvunjika, naye alizipanga nyeupe, kijani, nyeupe, kijani, mpaka mgeni anadhani tulizinunua hivyo. Doa likikataa kutoka aliweka kibakuli cha chumvi juu yake, na mgeni akikisogeza yeye anakirudisha palepale huku anaendelea kuzungumza. Halafu kabla wageni hawajafika alikuwa akikaa kwenye kila kiti, kimoja baada ya kingine, anatazama mbele. Nilizoea kumtania, "Mama, unakagua abiria?" Naye ananijibu, "Nataka nione atakachokiona mgeni. Wa hapa atazungumza na ua usiku kucha, hataona mtu." Basi ua linahamishwa.

Mara ya mwisho kuandaa meza tulikuwa sisi wa nyumbani na mdogo wake. Tulipomaliza kula alibaki na kikombe chake cha chai, na alipokiinua kikaacha duara la kahawia kwenye kitambaa. Asubuhi alizidiwa, tukampeleka hospitali, hakurudi tena. Kwenye msiba watu walijaa nyumbani, wanaweka sufuria na vikombe popote, wala siwalaumu, walikuwa wanatuhudumia, lakini kila nikipita nilikiona kitambaa kinachafuka na nikaogopa lile duara litapotea katikati ya mengine, basi nikaenda karakana, nikakata kioo kinene cha ukubwa wa meza, nikasaga kingo zake zikawa laini, na mimi na mwenzangu wa kazini tukakilaza juu ya kitambaa vilevile kilivyokuwa. Tangu siku ile tunakula juu ya kioo. Kiti chake, kile cha karibu na mlango wa jikoni, hakikaliwi. Mimi hukaa mahali ambapo naliona duara.

Sasa binti yangu amepata mchumba, na wazazi wa kijana wanakuja kula chakula cha jioni ili tujuane, Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Mwanangu huyo anauza kwenye duka la dawa. Akaniambia kwa upole kabisa, "Baba, kioo hiki tukitoe." Nikamwambia kioo ni kisafi, kinafutika haraka. Akasema, "Baba, mimi kutwa nzima nasimama nyuma ya kaunta ya kioo. Wakwe zangu wakikaa hapa nitawauliza kama wana cheti cha daktari." Nilicheka, lakini sikukubali.

Akamwita shemeji, yule mdogo wa marehemu, naye akaja na mifuko. Alileta sahani kubwa za rangi ya dhahabu za kuweka chini ya sahani, nikamwuliza tangu lini sahani nayo ikahitaji sahani, na vinara virefu, na mishumaa yenye manukato ya waridi, na maua ya plastiki ambayo ukikaa yanakufika kidevuni, na vitambaa vya mkono vipya alivyovikunja mfano wa ndege, kila sahani na ndege wake. Tukapanga yote juu ya kioo kwa kujaribu. Kila kitu kikawa mara mbili, kiko juu na kiko chini, na uma mmoja ulipodondoka ulilia kama dirisha linalopasuka, mimi fundi nikaruka kutoka kwenye kiti. Shemeji akaweka mikono kiunoni. "Shemeji," akasema, "hawa watu wanakuja kula. Hawaji makumbusho. Kitambaa chenyewe kina doa, tukitupe tununue kingine."

Nikamwambia hakuna atakayegusa kioo kile wala kilicho chini yake. Sikupaza sauti, lakini naona nilisema vibaya, kwa sababu shemeji alianza kukusanya ndege wake, na binti yangu akasema, "Sawa Baba. Nitawapeleka hotelini." Hajalitaja tena. Shangazi, nikikubali wakale hotelini, mwanangu ataolewa na watu ambao hawajawahi kukanyaga jikoni kwa mama yake, atakuwa kama mtu aliyelelewa nyumba ya kupanga. Na nikitoa kioo, kile kilichobaki nacho kitaondoka.

Jambo jingine dogo. Kwenye pembe moja, upande wa dirishani, kuna kitu kama vumbi la kijivu. Nafuta kioo kila siku lakini haliondoki, nadhani ni kivuli cha pazia.

Nishauri basi. Nichague vitu gani, niviweke wapi, na kioo nikifanyeje? Nawe ukikaa mezani na watu wako, unikumbuke.

Fundi Vioo

SHANGAZI ANAJIBU

Fundi, pole. Nimeisoma barua yako kwenye meza yangu mwenyewe, ambayo ina madoa mengi kuliko yako.

Nianze na pembe ya dirishani, kwa sababu hiyo haingoji Jumamosi. Kile si vumbi, wala si kivuli cha pazia, nawe umefunga vioo miaka mingi kiasi cha kulijua hilo. Kiko chini ya kioo. Ni kuvu. Umekifungia kitambaa bila hewa, na mvuke wa chakula chenu unaingia pembeni na kukaa humo. Ulitaka kukihifadhi, na kinaoza mbele ya macho yako huku ukifuta kioo juu yake kila siku. Kioo kitoe leo, uweke gazeti hili kando, umwite mwenzako wa karakana.

Kitambaa mkikitoa, kikung'uteni nje, kianikwe juani, kisha wewe na binti yako mkifue pamoja kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kawaida. Msitie dawa ya madoa, itakula pindo la buluu. Najua unaogopa duara litaondoka. Huenda likaondoka. Lakini nikuulize, mwanamke uliyeniandikia habari zake, yule wa kuhamisha ua na kuficha doa kwa chumvi, angeliacha duara lile mpaka kesho yake mchana? Hakukuachia kumbukumbu, fundi. Alikunywa chai, akaenda kulala, akijua kwamba asubuhi atafua. Kazi hiyo ilibaki, na mmeikuta nyinyi.

Sasa meza. Kitambaa kikikauka, kipigeni pasi na mkitandike chenyewe, bila kioo. Sahani panga za marehemu, nyeupe, kijani, nyeupe, kijani. Zile za dhahabu zibaki kwenye mfuko. Kwenye meza ya nyumbani zinakula nafasi ya viwiko, na mgeni anaanza kuogopa kuzikwaruza badala ya kula. Mishumaa ya waridi peleka sebuleni, iwake kabla watu hawajaja, maana mezani manukato yatagombana na chakula. Mkitaka mwanga, wekeni mishumaa mifupi isiyonukia, ikae chini ya usawa wa macho. Maua ya plastiki hapana. Chuma majani yoyote mabichi nje ya nyumba yako, weka kwenye glasi fupi. Glasi za maji zikae kulia, juu kidogo ya kisu, na mtungi uwe mahali ambapo watu wawili wanaufikia bila kuinuka.

Vitambaa vya mkono vya shemeji tumieni, tena vyote. Wakunjue tu hao ndege. Ndege mezani anamfanya mgeni aone haya kumharibu, mwishowe anajifuta kwa kiganja. Vikunjwe mara mbili, viwekwe kushoto. Na hapa nina ugomvi nawe. Barua nzima umemwita shemeji, shemeji, mtu wa mifuko na vinara. Yule amefiwa na dada yake. Naye alikuwepo mezani siku ile ya chai. Hana kitambaa cha kufunika kwa kioo, kwa hiyo amenunua vitu, kila mtu na namna yake. Alisema vibaya kuhusu kitambaa, ni kweli, lakini wewe ndiye uliyemwacha akusanye vitu vyake peke yake. Mpigie simu kabla ya jua kuzama. Usimweleze mengi. Mwambie, "Njoo utusaidie kupiga pasi, mimi nitaunguza pindo." Atakuja.

Kioo kirudi karakana. Ukikate vipande vidogo, usage kingo kama ulivyosaga mwanzo, vikae chini ya mitungi ya maji baridi. Chini ya sufuria ya moto usiweke, hilo unalijua kuliko mimi. Hivyo kazi ya mikono yako nayo itakuwa mezani, na haitamfungia mtu hewa.

Binti yako mwambie mwenyewe kwamba chakula ni nyumbani. Usimtume shemeji. Na kiti cha karibu na mlango wa jikoni akikalie yeye jioni hiyo. Si kwa kumrithi mama yake. Yeye ndiye mwenyeji, atainuka mara nyingi, na kiti kile kiliwekwa pale kwa kazi hiyo.

Kabla wageni hawajabisha hodi, ukague abiria. Kaa kwenye kila kiti, utazame mbele, uone kama mtu wa hapo ataangaliana na mtu au na kitu. Kile cha jikoni kiwe cha mwisho. Kikalie kwa muda utakaohitaji, kisha uinuke ukafungue mlango.

Umeniomba nikukumbuke, na Jumamosi hiyo nitakukumbuka. Nawe, kama duara halikutoka, liwekee kibakuli cha chumvi. Mama mkwe wa binti yako akikisogeza, kirudishe palepale, uendelee kuzungumza, na unikumbuke na mimi.